Baba amelala, sisi tunagombania mwamba

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi hapa Masasi, nauza vitenge sokoni. Kwetu tumezaliwa watatu, mimi ni wa katikati na ndiye mwanamke peke yangu. Baba yetu alifariki mwaka jana mwezi wa tatu. Alikuwa katekista wa kigango huko upande wa Ndanda kwa zaidi ya miaka thelathini. Padri alikuwa anatufikia labda mara moja kwa mwezi, kwa hiyo Jumapili nyingine zote aliyesimama mbele alikuwa baba, na baiskeli yake imeegemezwa mlangoni. Mama alizaliwa Mwanglikana, akaingia Ukatoliki alipoolewa. Kaka yangu mkubwa ni mwenyekiti wa jumuiya. Mdogo wetu wa kiume aliokoka miaka sita iliyopita akiwa kibaruani Mtwara mjini, na sasa ni shemasi kwenye kanisa la kilokole.

Tulikubaliana kumjengea baba kaburi kabla mvua za Desemba hazijaanza. Kaka alitoa mawe na mchanga, mimi nikachukua upande wa saruji, na mdogo wetu akasema marumaru na maandishi ni juu yake, kwa kuwa msimu huu korosho zimempa hela nzuri. Tulienda vizuri mpaka tulipofika kwenye maneno ya kuandika.

Kaka alitaka yaandikwe yale ya Mathayo 16:18, "Juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu", kwa sababu baba aliyapenda na kuyahubiri kila mara. Mdogo wetu akakataa. Akasema hela yake haiwezi kuandika uongo juu ya kaburi la baba yake. Akatueleza kwamba alifundishwa kwenye semina kuwa kwa Kigiriki Petro ni kijiwe tu, cha kuokota njiani, na mwamba ni kitu kingine kabisa, yaani Yesu mwenyewe, na kwamba Wakatoliki wamejenga juu ya kijiwe. Kaka akamjibu, "Kanisa lako limeanza juzi chini ya mkorosho, nani aliliwekea msingi?" Hapo ndipo mdogo wetu akasema neno ambalo mpaka leo sijui nilifanye nini. Alisema, "Baba alikuwa mtu mwema, lakini alijenga juu ya mtu."

Mama alikuwa amekaa mkekani anapepeta mbaazi. Aliuweka ungo chini, akainuka, akaingia ndani. Kuku wakaja wakazila zile mbaazi na hakuna aliyewafukuza.

Tangu siku hiyo hawazungumzi. Kila mmoja ananipigia mimi nimwambie mwenzake. Fundi naye anataka maneno ifikapo Ijumaa ya wiki ijayo, maana anakwenda Mtwara kuchoresha bamba, na amesema mistari isizidi mitatu, bamba ni dogo.

Nimeichukua Biblia ya baba, ile nyeusi ya zamani, nikafungua mahali penyewe. Amepigia mstari kwa kalamu ya bluu, mstari unaanzia "Wewe ndiwe Kristo" unakwenda mpaka "haitalishinda". Pembeni hakuandika kitu.

Shangazi, nani ana haki? Usiku silali, nawaza kama kweli tangu utoto nimeabudu mahali palipojengwa juu ya mwanadamu. Na huyo fundi nimwambie nini? Mume wangu ananiambia niachane nayo, kwamba ni ugomvi wa wanaume.

Dada wa katikati, Masasi

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba ambao bado haujaisha, maana kaburi lisipotulia msiba nao hautulii.

Nikuambie kwanza mimi ni nani kwenye jambo hili, usije ukadhani nakuficha. Nimezaliwa na kubatizwa Mwanglikana, chini ya mlima Mtandi, hapo hapo ulipo. Mume wangu ni Mkatoliki wa Nyangao. Tumekula chungu kimoja miaka mingi, na andiko hili limekaa mezani petu mara nyingi kuliko chumvi. Kwa hiyo sitakujibu kama hakimu aliyetoka mbali.

Nakumbuka nilipolisikia mara ya kwanza nilikuwa mdogo, na babu yangu alikuwa anajenga nyumba ya miti. Kwa mafundi wa nyumba zile, mwamba ni ule mti unaolazwa juu ya nguzo kubeba paa. Nikawa naliona kanisa la Yesu limewekwa juu kule, kwenye mti, na Petro ameushikilia. Baadaye nikainua macho nikaitazama milima ya Masasi, lile jiwe moja moja lililosimama peke yake kama limetupwa pale na mkono, ndipo nikaelewa mwamba wenyewe ni upi. Nakusimulia haya kwa sababu sehemu ya ugomvi wa ndugu zako imetokana na maneno na jinsi yanavyovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, na ukiliona hilo utalala.

Pale Kaisaria Filipi, chini ya mlima Hermoni, kwenye genge kubwa la mawe lenye pango ambamo wapagani walimwabudu mungu wao, Yesu aliwauliza wanafunzi wake watu wanamnena kuwa ni nani. Kisha akawageukia wao wenyewe: nanyi je? Simoni akajibu, "Wewe ndiwe Kristo, Mwana wa Mungu aliye hai." Yesu akamwambia heri, akamwambia hilo hakufunuliwa na mwili na damu, halafu akasema, "Nami nakuambia, Wewe ndiwe Petro, na juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu. Wala milango ya kuzimu haitalishinda."

Sisi tunaosoma Kiswahili hatusikii kitu kinachosikika pale. Petro na mwamba kwetu ni maneno mawili yasiyofanana hata sauti. Kwa Kigiriki ni Petros na petra, ni neno moja limevaa nguo mbili. Kigiriki hugawa majina kuwa ya kiume na ya kike. Petra, yaani mwamba, ni la kike, na huwezi kumwita mwanamume kwa jina lenye mwisho wa kike, kwa hiyo likabadilishwa mwisho likawa Petros. Na nyuma ya Kigiriki ipo lugha aliyozungumza Yesu, Kiaramu, ambamo jina alilompa Simoni lilikuwa Kefa. Hili si la kubahatisha, Yohana 1:42 inalitaja waziwazi, na Paulo katika Wagalatia anamwita Kefa tena na tena. Kwa Kiaramu jina na mwamba ni neno lile lile, Kefa, halihitaji kubadilishwa mwisho.

Kwa hiyo ile hoja ya kijiwe na mwamba ambayo mdogo wako aliipata kwenye semina ni dhaifu kuliko alivyoambiwa. Ni kweli washairi wa Kigiriki cha kale walitofautisha petros kama jiwe na petra kama genge. Lakini waandishi wa Agano Jipya wanapotaka kusema jiwe la kawaida, la kurusha au la kujengea, neno lao ni lithos. Mathayo angetaka kusema Petro ni kijiwe, neno alikuwa nalo. Hata hao wasomi wa Kiprotestanti wamelikubali. Oscar Cullmann, Mprotestanti aliyealikwa kuwa mtazamaji kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, aliandika mwaka 1952 kwamba mwamba katika mstari huu ni Petro mwenyewe. Alichokikataa ni kwamba cheo hicho cha Petro kinarithiwa.

Usikimbie kumpelekea kaka yako habari hii kama ushindi, maana nina neno na yeye pia.

Mdogo wako hakulitunga wazo lake, wala halikuzaliwa juzi chini ya mkorosho. Yohane Krisostomo, mhubiri mkubwa wa karne ya nne ambaye Wakatoliki na Waorthodoksi wote wanamwita mtakatifu, alihubiri kuwa mwamba ni imani ile aliyoikiri Petro. Origene, kabla yake, alisema kila anayekiri kama Petro naye anakuwa mwamba. Na Agostino, askofu wa Hippo kule Afrika ya Kaskazini, ambaye hakuna Mkatoliki atakayemkana, alifanya jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Akiwa mzee, mwaka 427 hivi, miaka michache kabla ya kufa, aliketi kupitia vitabu vyake vyote na kuandika alipokosea na alipobadili mawazo. Alipofika hapa akaeleza kwamba zamani aliwahi kuandika kuwa mwamba ni Petro, na baadaye mara nyingi amefundisha kuwa mwamba ni Kristo aliyekiriwa na Petro. Akaacha maelezo yote mawili, akamwambia msomaji achague linalomwelekea zaidi.

Askofu mzee, mwenye elimu kama ile, anamwachia msomaji. Nawaza hao wana wawili wa baba yenu, ambao hawataki kuachiana.

Mdogo wako ana maandiko mengine mkononi, na ni mazito. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 3:11 kwamba hakuna awezaye kuweka msingi mwingine isipokuwa Yesu Kristo. Katika mlango wa 10 anautaja mwamba wa jangwani na kusema mwamba ule ulikuwa Kristo. Halafu upo huo mstari wenyewe: Yesu amesema "wewe" kwa Petro, kisha akageuza, "juu ya mwamba huu", hakusema juu yako. Na mistari mitano tu baadaye Petro huyo huyo anaambiwa, "Nenda nyuma yangu, Shetani, u kikwazo kwangu." Mtu anayeyasoma haya akaogopa kuweka uzito wote kwa Petro, hana wazimu.

Kaka yako naye ana ya kwake. Yesu alimbadilishia mtu jina, na katika Biblia Mungu habadilishi jina la mtu bure, tangu Abramu kuwa Ibrahimu. Mstari wa 19 unarudi kwenye "wewe": "Nami nitakupa wewe funguo za ufalme wa mbinguni." Funguo hizo zinakumbusha Isaya 22:22, ufunguo wa nyumba ya Daudi uliowekwa begani mwa Eliakimu, na Wakatoliki wanasema huyo alikuwa msimamizi wa nyumba ya mfalme, cheo ambacho mmoja akitoka mwingine anaingia. Katika Luka 22:32 ni Petro anayeombewa ili awaimarishe ndugu zake. Katika Yohana 21 ni yeye anayeulizwa mara tatu na kuambiwa alishe kondoo. Lakini ile mamlaka ya kufunga na kufungua anayopewa Petro katika mstari huo wa 19, katika Mathayo 18:18 wanapewa wanafunzi wote, na hilo Waanglikana, Walutheri na Waorthodoksi hawachoki kulitaja.

Unaona, mwanangu? Wanaokwambia jambo hili ni jepesi, wa upande wowote, hawajakaa nalo.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho sijui kama kaka yako anakijua, ingawa kimo kwenye kitabu cha kanisa lake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 424, inasema Kristo alilijenga Kanisa lake juu ya mwamba wa imani ile iliyokiriwa na Petro. Namba 881 inasema Bwana alimfanya Simoni peke yake, aliyempa jina la Petro, kuwa mwamba wa Kanisa lake. Katika kitabu kimoja hicho hicho, mwamba ni imani ya Petro na mwamba ni Petro. Wakatoliki hawaoni kwamba hayo yanagombana. Kwao huwezi kumtenga Petro na alichokikiri, kama usivyoweza kumtenga shahidi na ushahidi wake. Kwa hiyo mdogo wako akisema "mwamba ni ule ukiri", hajaitukana dini ya baba yenu, amesema nusu ya maneno yake. Na kaka yako akisema "mwamba ni Petro" hajamwondoa Kristo.

Wanapoachana kweli ni kwingine, na mstari huu peke yake hauwezi kuwaamulia. Swali ni kama alichopewa Petro kilikwenda kwa askofu wa Roma, na kwa kiasi gani. Papa Leo Mkuu alilifundisha hilo kwa nguvu katika karne ya tano. Tarehe 18 Julai 1870 Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ukalifanya fundisho rasmi, pamoja na mamlaka ya Papa juu ya Kanisa lote. Waorthodoksi wanampa askofu wa Roma heshima ya kwanza ila hawakubali atawale maaskofu wengine. Sisi Waanglikana, Walutheri na Wapentekoste tunakataa kila mmoja kwa njia yake. Na mwaka 1995 Papa Yohane Paulo wa Pili mwenyewe aliwaandikia Wakristo wengine akiwaalika wazungumze naye jinsi huduma hiyo inavyoweza kutumika pasipo kuwa kizuizi kati yao. Kama Papa aliona ni jambo la kukaa na kuzungumza, kwa nini nyumbani kwenu liwe la kunyimana salamu?

Nije kwenye hofu yako, maana hiyo ndiyo inayokunyima usingizi. Hukuabudu mahali palipojengwa juu ya mwanadamu. Soma tena maneno yenyewe polepole: "nitalijenga kanisa langu". Anayejenga ni Yesu, na kanisa ni lake. Petro katika picha ile hajengi kitu, anajengewa juu yake. Picha zinabadilika kila ukurasa: kwa Paulo Kristo ni msingi na Paulo ni fundi, katika Waefeso 2:20 mitume na manabii ndio msingi na Kristo ni jiwe kuu la pembeni, katika Ufunuo 21:14 misingi ya mji iko kumi na miwili na imeandikwa majina ya mitume. Petro mwenyewe, katika waraka wake wa kwanza mlango wa 2, anamwita Kristo jiwe lililo hai, kisha anatuita sisi sote mawe yaliyo hai, mimi na wewe na mdogo wako. Ukichukua picha moja ukaigongea nyingine kichwani, utaharibu zote.

Ukiniuliza mimi ninaamini nini, nitakujibu bila kuzunguka. Naamini Yesu alimtazama Simoni usoni akamwambia mwamba ni yeye, kwa sababu ya kile alichotoka kukikiri. Sioni katika mstari ule neno lolote juu ya Roma. Mume wangu analiona, kupitia zile funguo za Isaya, na ni mtu ninayemwamini na roho yangu.

Halafu kuna hili ambalo wana wa huku kusini tunalisahau upesi. Bibi na babu zetu hawakuchagua kati ya Roma na Canterbury kwa kusoma Kigiriki. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alikuja kutoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, wakaanza kijiji chao hapo Masasi, na Steere huyo ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kulitia Agano Jipya katika Kiswahili. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walikuja baadaye, misheni zao za Nyangao na Lukuledi zikaharibiwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, na mwaka uliofuata wakaanza Ndanda. Aliyezaliwa karibu na kengele hii akawa Mwanglikana, aliyezaliwa karibu na ile akawa Mkatoliki. Mama yako ameyaishi yote mawili katika mwili mmoja. Umewahi kumuuliza yeye anausomaje mstari huu? Katika barua yako yote, kila mtu amesema juu ya mwamba isipokuwa mama.

Kwa hiyo anzia kwake. Ule ungo aliouweka chini ndio unaoniuma mimi kuliko Kigiriki chote. Mke amekaa na mumewe maisha yote, amemwona akitoka alfajiri na baiskeli kwenda kuzika watu na kufundisha watoto, kisha mtoto aliyemzaa anasema mbele yake kwamba baba yao alijenga juu ya mtu. Mdogo wako hata kama angekuwa na haki katika kila herufi ya Kigiriki, neno lile alilisema mahali pabaya kwa mtu asiyestahili kulisikia. Lazima aende kwa mama, aketi chini, aombe radhi. Asiende na Biblia mkononi siku hiyo. Na kaka yako naye amkome mwenzake na habari za mkorosho. Kabla kigango chenu hakijapata bati, watu walisali wapi? Vigango vingi huku vilianza chini ya mwembe au mkorosho, na baba yenu aliyajua hayo kuliko ninyi nyote.

Usiende wewe kuwasuluhisha. Wewe umeshakuwa waya wa simu kati yao na umechoka. Kuanzia leo akikupigia mmoja akikuagiza neno kwa mwenzake, mwambie, "Namba yake unayo." Kwetu huku mwenye kauli kwa wana wa dada ni mjomba. Kama mjomba wenu yupo hai, mpelekeeni yeye. Mzee wa Kianglikana wa Masasi hatapendelea Roma wala ulokole, na wote wawili hawawezi kumpandishia sauti. Aje akae nao, mama awepo, na mumeo aje pia. Mwambie shangazi amesema hili si la wanaume, kaburi la baba ni la watoto wote.

Siku hiyo chukua ile Biblia nyeusi uende nayo. Barua yako umeiandika ukiwa na jibu mkononi bila kuliona. Kaka yako anasema baba aliupenda mstari wa 18. Kalamu ya bluu inasema baba alianzia mstari wa 16. Hakupigia mstari mwamba peke yake, alianza na maneno aliyoyasema Petro, kisha akaendelea mpaka kwenye ahadi. Waonyeshe wote wawili huo mstari wa kalamu, waufuate kwa kidole.

Mimi ningeandika hivi kwenye bamba, na mistari mitatu inatosha: jina lake na miaka yake; chini yake "Wewe ndiwe Kristo, Mwana wa Mungu aliye hai"; na mwisho "Mathayo 16:16-18". Mdogo wako hawezi kukataa maneno hayo, ni ukiri wake mwenyewe kila Jumapili. Kaka yako hatakuwa amepokonywa kitu, kwa sababu rejeo linafika mpaka kwenye mwamba na milango ya kuzimu, na yeyote atakayesimama pale akafungua Biblia atakutana nayo. Na baba atakuwa ameandikiwa alichokipigia mstari, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Inawezekana mama akasema hapana, marehemu alinitamkia mwenyewe kwamba anataka mstari wa 18. Akisema hivyo, yameisha. Liandikwe kama alivyotaka, na mdogo wako ailipie au asiilipie, ila asizuie. Ni kaburi la katekista wa Kikatoliki, na kumwandikia mtu imani aliyofia hakukufanyi wewe unayelipa uwe umeikiri. Kama dhamiri yake inamkataza kabisa, mpunguzieni mzigo: yeye alipe marumaru, maandishi mlipe wewe na kaka. Dhamiri ya mtu msiicheke, hata ikiwa inawagharimu.

Na Ijumaa ikifika hamjakaa, usimpe fundi maneno yoyote. Mwambie aendelee na zege na marumaru mvua isije ikamkuta, na mahali pa bamba aache nafasi. Bamba linaweza kupachikwa hata baada ya Pasaka.

Shangazi
Mtwara